Dhana ya Hilaria

Watu husema wivu ni wa mapenzi. Hawajamwona Gaudensia binti Qamara wa Dongobesh. Huyu hakuwa na mchumba wa kuibiwa, wala hakumtamani wa mtu, lakini tangu kidato cha kwanza alikuwa na kijiba cha roho kilichokataa kushuka, na kijiba chenyewe kilikuwa na jina la ubatizo. Kiliitwa Hilaria.

Walikutana bwenini, shule ya wasichana ya wilaya yao, Mbulu. Gaudensia alitoka nyumba yenye zizi. Hilaria alitoka Katesh, wilaya ya Hanang, chumba na sebule vya kupanga nyuma ya stendi, ambako baba yake, Mzee Onesphory, aliziba pancha za baiskeli baada ya kupunguzwa kazi kwenye mashamba ya ngano. Enzi mashamba hayo yalipokuwa ya serikali, mzee huyo alikuwa dereva wa trekta, mtu mwenye kofia na mshahara. Ulipokuja ubinafsishaji alipewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Gaudensia alipoyasikia hayo alimhurumia mwenzake kwa moyo wote. Huruma hiyo iliishi mpaka matokeo ya mtihani wa kwanza yalipobandikwa ukutani: Hilaria wa kwanza, Gaudensia wa pili.

Muhula uliofuata, hivyo hivyo. Mwaka uliofuata, hivyo hivyo. Gaudensia alisoma mpaka macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyekaa na moshi wa kuni mbichi, na bado akawa wa pili. Hilaria alisoma kama mtu anayekumbuka jambo alilowahi kuambiwa zamani. Hakuwa na majivuno, na hilo ndilo lililomchoma Gaudensia zaidi, maana mwenye majivuno unaweza kumchukia hadharani na watu wakakuunga mkono. Mpole utamchukia peke yako.

Wakafaulu wote wawili kidato cha sita, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga na watu wakimsifia kila anayepasi kana kwamba kazaliwa na mkuu wa mkoa. Wakapangiwa chuo kikuu kimoja, Dar es Salaam, kozi moja: Hisabati Tumizi na Ukokotozi. Ulipomtajia mtu wa Dongobesh jina hilo alikuuliza kama utakuwa mhasibu. Gaudensia alichoka kueleza. Kazi yao ilikuwa kuchukua jambo la dunia, kama mvua, ugonjwa au foleni ya watu benki, kuligeuza kuwa milinganyo, kisha kuiamuru kompyuta iikokotoe hatua kwa hatua mpaka itoe jibu. Jambo lililogeuzwa hivyo waliliita modeli. Na kila modeli huanza kwa neno moja, "tuchukulie": tuchukulie upepo hauvumi, tuchukulie watu hawahami. Hiyo ndiyo dhana. Dhana ikiwa mbovu, modeli yote ni hewa.

Mwaka wa tatu ulipoanza, mkuu wa idara, Dokta Theodory, aliwaita darasani akawatangazia kwamba kutakuwa na nafasi moja ya kubaki idarani, kufundisha kama msaidizi na kusomeshwa shahada ya pili. Nafasi moja tu.

"Alama zenu wawili wa juu zimekaribiana mno," alisema, akiwaangalia Hilaria na Gaudensia bila kuficha. "Mradi wa mwisho ndio utakaoamua."

Tangu siku hiyo Gaudensia hakutaka kitu kingine duniani. Hakutaka mume wala gari. Alitaka jina lake liandikwe kwenye mlango wa ofisi, na Hilaria apite nje alisome.

Yeye alichagua kuchunguza jinsi joto linavyosafiri ndani ya mahindi yaliyorundikwa ghalani, mpaka katikati yakaungua na kuota ukungu. Ulikuwa mradi safi, wenye milinganyo mizuri. Lakini programu yake ilimgomea. Kila alipoiendesha, namba zilipanda taratibu, kisha zikalipuka, mahindi ya kwenye kompyuta yakawa na joto kuliko jua. Wiki nzima alikaa maabara ya kompyuta akibadilisha hiki na kile. Hilaria akapita nyuma yake na vitabu vyake kwapani, akasimama kidogo.

"Gau, hatua yako kubwa," alisema. "Unaruka dakika nyingi kwa mara moja. Ipunguze."

Gaudensia akaipunguza. Mahindi yakapoa.

"Asante," alisema, na meno yakamuuma kwa kulitamka neno hilo. Ukisaidiwa na adui unaweza kumlipa ubaya wake na roho yako ikatulia. Huyu hakumfanyia ubaya wowote, na usiku ule Gaudensia alilala na njaa kwa kukataa tu kukaa naye meza moja.

Mradi wa Hilaria ulikuwa wa ng'ombe. Alitaka kujua homa ya mapafu ya ng'ombe inavyotoka zizi moja kwenda jingine, ili bwana mifugo ajue achanje wapi kwanza asije akafika ugonjwa umeshapita. Alihitaji kijiji cha kuchunguza.

"Nikaribishe kwenu likizo hii," alimwambia Gaudensia. "Katesh tunaishi mjini, sina zizi la kuanzia. Na baba zetu wanafahamiana tangu mashamba ya ngano, baba yako alikuja msimu wa kuvuna. Hawatanikataa."

Gaudensia angeweza kusema nyumba imejaa wageni. Lakini kuna kitu kilimfurahisha. Kwa mara ya kwanza Hilaria angeingia mahali ambapo yeye, Gaudensia, ndiye mwenye mali. Kwao kulikuwa na ng'ombe. Tangu utotoni alikuwa akilala akiwasikia wakicheua upande wa pili wa ukuta, na kila aliposhindwa darasani alijiambia: mimi ni binti wa mtu mwenye ng'ombe, yule ni binti wa mziba pancha. Ndiyo dawa iliyomlaza miaka yote hiyo. Akamkaribisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu hakupona. Hilaria alifika Dongobesh, akapiga goti mbele ya wazazi wa Gaudensia, na kabla chai haijapoa walikuwa wameshampenda.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Onesphory hajambo? Kile kifua chake?"

"Kinamsumbua asubuhi, Baba. Anawasalimia sana."

Mzee Qamara, mtu wa maneno machache ambaye Gaudensia alikuwa hajamwona akiinuka kumpisha mtu kiti isipokuwa padri, aliinuka akampisha binti huyo kigoda chake. Mama yake Gaudensia, Mama Agatha, akamletea maziwa ya kibuyu kikubwa. Gaudensia akapewa ya kikombe.

Asubuhi Hilaria alisimama pembeni ya mlango wa zizi wakati ng'ombe wakitoka. Hakunyoosha kidole wala hakuhesabu kwa sauti, maana kwa watu wa huko kuwahesabu ng'ombe wa mtu mdomoni ni kama kuwaombea mabaya. Alijaza punje za mahindi kwenye mfuko mmoja wa sweta, na kwa kila ng'ombe aliyepita alihamishia punje moja mfuko wa pili, akiwa anaongea na mama wa nyumba habari za baridi.

"Huyu mtoto ana adabu," Mama Agatha alisema jikoni. "Wewe ungeshapiga kelele za moja, mbili, tatu kama mpiga mnada."

"Mimi ni wa hapa, Mama. Nahesabu vya kwetu."

Mama yake alichochea moto.

Walizunguka nyumba hadi nyumba, na Gaudensia ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kumtambulisha. Kila zizi Hilaria aliuliza mambo yale yale: wanalala wangapi, wanakunywa wapi, wanalamba magadi wapi, wanakutana na wa nani malishoni. Akaandika, akashukuru, wakaendelea. Siku ya pili, walipotoka kwa jirani yao Xavery, Gaudensia aliliona tundu. Moyo ulimruka kwa furaha mpaka akajikwaa.

Hilaria hakuuliza ng'ombe ni wa nani.

Mtu wa kwao mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia au ukame ukipiga, ataamka maskini. Kwa hiyo huwagawa: wawili watatu kwa rafiki wa huku juu, wengine kwa shemeji wa kule tambarare, wengine abaki nao. Anayewekewa hunywa maziwa na kurutubisha shamba kwa samadi, na akibahatika hupewa mtamba. Lakini ng'ombe si wake, na mwenyewe anaweza kuja siku yoyote akamchukua mmoja na kumpeleka mbali. Ugonjwa hausubiri malishoni, basi. Unapanda mlima na ng'ombe mmoja anayehamishwa kutoka Hanang, unalala Dongobesh siku hiyo hiyo. Modeli isiyoijua mila hiyo ingemtuma bwana mifugo achanje kijiji kisichohusika.

Na mambo haya hayasemwi. Wakubwa wanajua, lakini aliyewekewa hatajwi mbele za watu, ni kumvua nguo. Hata watoto wake hawaambiwi, kwa sababu mtoto akijua ng'ombe si wa kwao atawachunga kama vya watu, wataliwa na fisi. Watoto wa Xavery, kwa mfano, walikuwa wakitamba shule nzima na ng'ombe wa mtu wa Getanuwas. Gaudensia, aliyewahi kuwasikia wakubwa wakinong'ona, alikuwa akiwacheka tangu akiwa darasa la tano.

Angesema neno moja tu njiani pale. "Hilaria, uliza pia ni wa nani." Mwenzake alikuwa amemwambia apunguze hatua, na mahindi yakapoa. Gaudensia alilikumbuka hilo vizuri sana, na ndilo lililomfunga mdomo. Alitembea mpaka nyumbani akiimba wimbo wa kwaya.

Jioni ya mwisho kabla ya kuondoka, Mzee Qamara alimwita Hilaria nje, wakasimama kando ya zizi wakizungumza kwa sauti ya chini. Gaudensia aliwaona kwenye uwazi wa mlango: baba yake akiongea mfululizo, Hilaria ameinamisha kichwa, akiitikia. Baba hakuwahi kumwita yeye nje kuzungumza hivyo. Aliposogea, wakanyamaza.

"Mlikuwa mnasema nini?" alimwuliza Hilaria baadaye.

"Habari za ng'ombe tu," alisema Hilaria, akafunga begi lake.

Roho ya kwa nini haihitaji kuni nyingi. Kwa nini baba amzungumzishe yeye? Kwa nini apewe kibuyu, na kigoda, na siri? Gaudensia alirudi chuoni akiwa amelitunza lile swali la ng'ombe ni wa nani kama mtu anavyotunza mbegu bora, akingoja siku ya kupanda.

Siku ikafika. Chumba kilijaa wanafunzi wa mwaka wa tatu, na mbele walikaa Dokta Theodory na walimu wengine wawili. Gaudensia aliwasilisha kwanza. Joto lake la mahindi lilikwenda vizuri, picha zilikaa sawa, aliulizwa maswali mawili akayajibu. Walimu waliandika bila kuinua nyusi. Ilikuwa kazi nzuri, yenye nidhamu, na yeye mwenyewe alijua kwamba hakuna atakayeikumbuka wiki ijayo.

Kisha akasimama Hilaria. Akaonyesha ramani ya kijiji, kila nyumba ikiwa nukta, na kompyuta ikaanza kuendesha ugonjwa: nukta moja ikawa nyekundu, kisha ya jirani yake, kisha zile zinazonywesha bwawa moja. Darasa zima liliutazama ugonjwa ukitambaa. Mwalimu mmoja alisahau kalamu mdomoni. Gaudensia alimtazama mwalimu yule na kalamu yake. Mimi hawakunitazama hivyo, alijisemea. Hata mara moja hawajawahi kunitazama hivyo.

"Maswali?" alisema Dokta Theodory.

Gaudensia alikuwa amesimama kabla neno halijaisha.

"Ukurasa wa kwanza umeandika, tuchukulie kila ng'ombe ni wa nyumba anamolala. Mimi natoka kijiji hicho. Ng'ombe wetu wengi huwekwa kwa watu. Mwenye ng'ombe anaweza kuwa mbali kabisa, anamleta, anamchukua. Ugonjwa unaruka naye. Hukuuliza hata nyumba moja ng'ombe ni wa nani. Kwa hiyo mistari muhimu kuliko yote kwenye ramani yako haipo. Dhana yako si kweli, na modeli yote imesimama juu yake."

Chumba kilinong'ona. Dokta Theodory aliegemea mbele, macho yamemwaka.

"Hilo ni swali," alisema. "Hilaria, ulikuwa unaijua mila hiyo?"

Hilaria aliigeukia ramani yake. Gaudensia aliomba Mungu mwenzake aseme hapana.

"Nilikuwa naijua, Dokta."

"Unaijua, na ukaweka dhana unayojua kuwa si kweli?"

"Ningeondoa dhana ningelazimika kuchora nani kamwekea nani. Aliyewekewa ng'ombe hatajwi. Nilikula kwenye nyumba zao."

"Andika namba badala ya majina," alisema mwalimu wa pili. "Ndivyo watu wote wanavyofanya."

"Nyumba ni chache, mwalimu. Anayetoka pale akiuona mstari unakokwenda, ataijua nyumba hata ikiwa na namba."

"Hicho ni kisingizio!" Gaudensia alisema. Hakuitwa, alisema tu. "Sayansi haina aibu. Kama unao huo mstari, uchore. Uchore hapa tuuone!"

Hilaria alimgeukia. Gaudensia alikuwa amejiandaa kwa macho ya hasira, na angeyapokea kwa furaha, lakini hayakuwa ya hasira. Mwenzake alimtazama kama unavyomtazama mtoto anayecheza na kisu, unaogopa kumshtua.

"Sitauchora," alisema Hilaria.

Dokta Theodory alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ni modeli nzuri kuliko zote nilizoziona mwaka huu," alisema mwishoni, "na imejengwa juu ya kitu ambacho mjenzi anajua hakipo. Siwezi kuipa alama ninazotaka."

Wiki mbili baadaye jina likabandikwa. Gaudensia wa kwanza. Alilisoma mara nyingi, akalisoma tena akijifanya anatafuta jina la mtu mwingine. Hilaria alimkuta hapo hapo mbele ya ubao.

"Hongera, Gau."

"Umenikasirikia?"

"Nilikukasirikia. Imepita." Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. "Mimi nimepata shule ya sekondari karibu na Katesh, nitafundisha hesabu. Nitakuwa karibu na baba, kifua chake si kizuri."

Akaenda zake. Gaudensia alibaki na ushindi wake mkononi, akiugeuza huku na huku. Hakuelewa kwa nini hauna ladha. Alitaka Hilaria alie. Alitaka kumwona amekaa kitandani ananuna, apitwe na chakula, ajue usiku wa mtu wa pili ulivyo mrefu. Badala yake aliyeshindwa alikuwa amelala usingizi, na aliyeshinda alikesha.

Habari zilifika Dongobesh kabla yake. Alipokwenda nyumbani kabla ya kuanza kazi, majirani walikuwa wameshachota maji ya sherehe, na Xavery alikuwa amekuja na togwa. Mwalimu wa chuo kikuu, binti, kutoka kijiji chao! Mzee Qamara alisema hapa lazima achinjwe dume.

"Yule mwekundu," alisema Gaudensia, akiwa amesimama na baba na mama yake kando ya zizi. "Yule mkubwa."

"Huyo huyo," alisema baba yake. "Lakini tungoje kidogo. Kuna mtu anakuja."

"Nani? Watu wote wameshafika."

Mzee Qamara alianza kukwaruza udongo kwa ncha ya fimbo. Mama Agatha akamtazama mumewe.

"Mwambie, Baba Gaudensia," alisema. "Ameshakuwa mtu mzima. Hachungi tena."

Na hapo ndipo Gaudensia alipojua. Aliliona kabla halijasemwa, kama mtu anayejikwaa na kuiona ardhi ikija. Lakini baba yake alilisema hata hivyo, taratibu, akiwa hamtazami.

"Hawa ng'ombe ni wa Onesphory. Alipopunguzwa kule kwenye ngano alinunua ng'ombe kwa kile alichopewa, naye mjini hana pa kuwaweka. Akaniwekea mimi. Wewe ulikuwa mdogo, hukuambiwa. Mtamba mmoja alitupa awe wetu. Tulimuuza ulipokwenda kidato cha tano."

"Wote?" alisema Gaudensia. "Wote ni wa kina Hilaria?"

"Wote. Onesphory nimempigia simu kumwomba dume, akasema anakuja mwenyewe kumtoa." Mzee Qamara akakohoa. "Hilaria alijua tangu zamani. Siku ile alipokuja na mambo yake ya kuandika nilimwita hapa nje. Nilimwomba asikuambie, na asiandike popote. Nilimwambia, mwenzako anajivunia hawa ng'ombe, ndio wanaomsimamisha. Akaniahidi. Yule mtoto ana moyo."

Gaudensia alishika mti wa zizi. Alichokisikia kichwani mwake ni sauti yake mwenyewe mbele ya darasa zima: uchore hapa tuuone. Mstari mmoja kati ya ile ulikuwa wa kwao. Ulitoka Katesh ukaja kuishia hapa aliposimama.

"Kuna nini?" baba yake aliuliza. "Gaudensia, kuna nini?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Mzee Onesphory alikuwa anakuja kwa miguu kutoka barabarani, akipumzika kila baada ya hatua kadhaa kwa ajili ya kifua chake, amevaa koti la sikukuu. Watu walimpokea kwa salamu, akapewa kiti kivulini, akakataa kukaa kabla hajamshika mkono mwenye sherehe.

"Shikamoo, Baba," alisema Gaudensia, akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Mwalimu wetu!" Aliushikilia mkono wake kwa mikono yote miwili, migumu kwa gundi na raba. "Hilaria angekuja, shule haikumpa ruhusa. Lakini aliniambia, Baba, usitoe kadume kadogo, mtoe yule mwekundu. Mwenzangu amesoma kwa taabu."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Mzee akashusha sauti, kama mzazi anayemwuliza mwalimu pembeni.

"Yeye anasema alipungukiwa kidogo tu. Nikimwuliza kwa nini, hasemi. Wewe ulikuwapo. Kitu gani kilimshinda?"

Mzee Qamara, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kisu, aliacha kukinoa.

Gaudensia angeweza kusema mtihani ulikuwa mgumu. Nusu ya maneno hayo yalikuwa yameshafika ulimini. Lakini baba yake alikuwa anamtazama, na kwa uso wake alionekana ameshaanza kuelewa.

"Aliulizwa swali, Baba."

"Akakosa jibu? Hilaria?"

"Jibu alikuwa nalo. Alikataa kulitoa."

Mzee Onesphory alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Mkaidi kama mama yake. Na aliyeuliza ni mwalimu gani?"

"Hakuwa mwalimu," alisema Gaudensia. "Ni mimi."

Mzee hakuuachia mkono wake mara moja. Alimtazama, akamtazama Qamara, akamtazama dume mwekundu aliyefungwa kamba tayari. Kila mmoja alimwona akihesabu, bila kunyoosha kidole, akiliunganisha swali na ng'ombe wake. Mama Agatha alijifunika mdomo kwa kanga.

"Lilikuwa swali zuri?" aliuliza mwishowe.

"Lilikuwa zuri, Baba."

"Haya." Akauachia mkono, taratibu, akakaa kwenye kiti. "Qamara, mchinje. Nimeshamtoa, simrudishi."

Gaudensia alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Waliomsikia walisema ni furaha, na mama yake aliyemfuata alidhani ni majuto. Majuto yalikuwapo, tusimwonee. Lakini chini yake, pale pale pa siku zote, kulikuwa na kile kile cha zamani, kimenenepa kuliko jana: kwamba hata katika kushindwa Hilaria alikuwa amempita, na safari hii hapakuwa na mtihani mwingine wa kumfikia. Ofisi angekuwa nayo. Jina lingekuwa mlangoni. Na kila atakapolisoma atajua ni nani aliyelitoa.

Walipomwita alinawa uso akaenda. Wakamkalisha mbele, karibu na Mzee Onesphory, wakamletea ini kwanza kama apewavyo mwenye sherehe. Watu wote walikuwa wanangoja aonje ndipo nao waanze. Akatia kipande mdomoni, akatafuna, akameza, akachukua kingine.